Ohio State hawakuongoza ligi yao, walimaliza wa nne

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Columbus, Ohio, huku baridi ya Januari ukitoa mkono mfukoni dakika mbili tu hausikii vidole. Mdogo wangu aliyeko Tabata alinipigia picha ukurasa wenu wa michezo akanitumia WhatsApp, akaandika "hongera braza chama lako limebeba ndoo", mi nikafungua kwa furaha zote, nikasoma ile habari yenu fupi ya fainali ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kukimbia nao mkononi, ya vyuo vikuu vya Marekani ya Jumatatu Januari 20, 2025 kule Atlanta, Ohio State 34, Notre Dame 23. Matokeo sahihi, tarehe sahihi. Ila mstari wa pili mmeandika Ohio State "vinara wa ligi yao ya Big Ten". Hapo nikasema hapana, leo naandika barua, na niwie radhi mapema itakuwa ndefu maana nimetoka shifti ya usiku na usingizi umekataa.

Mhariri, Ohio State hawakuwa vinara. Walimaliza wa nne. Na mi ni shabiki wa Ohio State, sweta zao ninazo mbili, kwa hiyo sisemi haya kwa chuki. Nasema kwa sababu mkiandika vinara mnakuwa mmeua stori yenyewe, maana utamu wote wa msimu wa 2024 ni kwamba wa kwanza ameenda nyumbani analia na wa nne ndio ana kombe.

Tuanze na hiyo ligi kwa wasomaji ambao hawaijui. Huku vyuo vimegawanyika kwenye makundi wanayaita konferensi, mi naita ligi tu tuelewane. Big Ten ni Kumi Kubwa, ilianzia Chicago mwaka 1896, lakini timu zake ziko 18, na jina hawabadilishi, usiniulize kwanini. Msimu wa 2024 ndio wameingia wanne wa pwani ya magharibi kwa mpigo, Oregon, Washington, USC na UCLA, waliikimbia ligi yao ya zamani ya Pac-12 ikabaki na timu mbili kama nyumba iliyohamwa. Wamekimbilia nini? Hela ya tivii. Mkataba wa Big Ten na Fox, CBS na NBC uliotangazwa 2022 ni wa miaka saba na thamani yake inapita dola bilioni saba. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni wanafunzi tu wanacheza" mwache amalize chai yake.

Sasa msimamo. Huku hakuna pointi tatu wala pointi moja, kwanza sare haipo kabisa, waliifuta tangu 1996, mkilingana mnaendelea mpaka mmoja aanguke. Msimamo unahesabu kushinda na kupoteza basi. Oregon walicheza tisa za ligi wakashinda zote tisa. Nyuma yao Penn State na Indiana, kila mmoja nane na kupoteza moja. Halafu ndio sisi, Ohio State, saba na kupoteza mbili. Iowa na Illinois sita sita, Michigan na Minnesota tano tano, Michigan hao waliokuwa mabingwa wa nchi nzima msimu wa 2023, nitarudi kwao maana hao ndio ugonjwa wangu. USC, Washington na Rutgers nne nne. Nebraska, Michigan State, UCLA na Wisconsin tatu tatu. Northwestern mbili, Maryland moja, na Purdue wameburuza mkia, tisa wamepoteza tisa. Purdue msimu mzima wameshinda mechi moja, ya ufunguzi, tena nje ya ligi, na siku ya mwisho wakaenda kwa watani wao Indiana wakapigwa 66 kwa 0. Kocha akatimuliwa kesho yake. Kingekuwa kwetu wangeshuka daraja, huku hakuna kushuka, mwakani wapo tena na gawio la tivii wanachukua vilevile.

Mtu aliyezoea Ligi Kuu yetu akiona huo msimamo atasema sawa, bingwa Oregon, wa pili huyu, wa tatu yule, imeisha hiyo. Hapo ndipo wengi wanapotea, nadhani na mwandishi wenu pia, alidhani aliyebeba kombe kubwa lazima aliongoza ligi. Kwetu timu 16, kila mmoja anacheza na kila mmoja nyumbani na ugenini, mechi 30, mwisho wa siku msimamo haudanganyi, kama umebebwa umebebwa na marefa sio na ratiba. Huku timu 18 halafu kila moja inacheza mechi tisa tu za ligi. Maana yake kila timu ina wenzake wanane ambao haikutani nao kabisa! Ni kama Yanga imalize msimu haijaiona Azam wala Namungo wala Coastal halafu tuambiwe huo ndio msimamo.

Chukua Indiana. Mi nawapenda hawa jamaa kwa kweli, 2023 walishinda mechi tatu tu kati ya 12, ni moja ya timu zilizopoteza mechi nyingi kuliko zote tangu huu mchezo uanze, halafu akaja kocha mpya Curt Cignetti na wachezaji kibao aliotoka nao chuo cha James Madison alikokuwa akifundisha, na kufumba na kufumbua wakashinda kumi mfululizo. Nebraska walikula 56 kwa 7. Mji wao wa Bloomington ulizoea mpira wa kikapu, ghafla watu wanagombea tiketi. Lakini angalia walicheza na nani. Oregon hawakukutana naye, Penn State hawakukutana naye, Iowa na Illinois hawakukutana nao. Katika sita bora za juu mkubwa pekee waliyekutana naye ni Ohio State, Novemba 23 hapahapa Columbus, wakapigwa 38 kwa 15. Sio kosa lao, ratiba hawakupanga wao, ila ile nane kwa moja yao uisome ukijua hilo.

Penn State naye hivyohivyo, nane kwa moja, na ile moja ni sisi tulimpiga kwake Novemba 2, 20 kwa 13, kwenye ule uwanja wao unaoingiza watu 106,000 na ushee. Benjamin Mkapa unaingiza 60,000 ukijaa, sasa fikiria huo ni uwanja wa chuo kwenye mji mdogo katikati ya milima. Na Big Ten ina viwanja vitatu vya namna hiyo vya kupita laki moja, wa Penn State, wa Michigan na wetu.

Oregon je? Walimkuta Ohio State, Oktoba 12 kule Eugene, wakashinda 32 kwa 31. Pointi moja. Na ile pointi moja ina kituko ndani yake ambacho mpaka leo nikikumbuka nacheka huku roho inauma. Zimebaki sekunde 10, Ohio State wana mpira wanatafuta kusogea wapige teke la ushindi, la kupitisha mpira kati ya nguzo, Oregon wakaingiza mtu wa 12 uwanjani! Sheria ni 11. Refa akapuliza, adhabu yadi tano, sawa, lakini saa imeshakula sekunde nne na yule mtu wa 12 amesaidia kuzuia pasi. Yadi tano wametoa, sekunde nne wamenunua, biashara nzuri. Mpira uliofuata Will Howard, yule mrusha pasi wetu, akakimbia nao akajitupa chini na muda umeisha. Kocha wao Dan Lanning alipoulizwa hakukataa, alisema hicho ni kitu walikuwa wamekifanyia mazoezi. Siku chache baadaye wakubwa wa mchezo wakatoa maelekezo kwamba ikitokea tena saa irudishwe. Yaani goma limeshachezwa ndio wanarekebisha ngoma.

Basi ukijumlisha hapo, Mhariri, utaona kitu ambacho msimamo haukuonyeshi. Katika wanne wa juu, timu pekee iliyokutana na wenzake wote watatu ni Ohio State. Alimpiga wa pili, akampiga wa tatu, akapoteza kwa wa kwanza kwa pointi moja na mtu wa 12. Oregon hakukutana na Penn State wala Indiana kwenye zile tisa, Penn State na Indiana wenyewe kwa wenyewe hawakukutana. Sasa aliyekutana na wakubwa wote kamaliza wa nne, kwanini? Kwa sababu ya Michigan.

Novemba 30, Jumamosi, saa sita mchana huku, huko nyumbani saa mbili usiku. Michigan na Ohio State ni watani wa jadi, Simba na Yanga za huku, tofauti ni kwamba watu wa Columbus wiki hiyo herufi M hawaitaki, kwenye majengo ya chuo wanazipiga X nyekundu kwa tepu, watu wazima na akili zao. Michigan msimu huo walikuwa hoi, wameshapoteza tano, kocha Jim Harbaugh ameondoka kwenda NFL, ligi ya kulipwa, mrusha pasi hawana wa maana. Waliokuwa wanabashiri waliwapa Ohio State kushinda kwa tofauti ya pointi 20 hivi. Sisi tukishinda tunaenda fainali ya ligi kukutana na Oregon tena, kila mtu alishapanga.

Tukapigwa 13 kwa 10. Kwetu. Michigan mechi nzima pasi zao zilizaa yadi 62 tu, hiyo ni aibu hata kwa timu ya sekondari, lakini walijua wanachokitaka, wakawa wanakimbia na mpira katikati, wanatusukuma kama watu wanaosukuma daladala iliyozima, na sisi nasi badala ya kurusha pembeni tuliko na vijana wenye mbio tukang'ang'ania kupita katikati walikojaa wanaume wao wakubwa. Teke mbili tumekosa. Zimebaki sekunde 45 Dominic Zvada wao akapiga teke fupi la yadi 21 likapita. Mara ya nne mfululizo hiyo wanatufunga. Halafu wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja wetu, ngumi zikalipuka, polisi wakamwaga dawa ya pilipili, vyuo vyote viwili vikapigwa faini dola 100,000 kila kimoja. Mi nilikuwa naangalia kwenye mgahawa wa Msomali mmoja, huku Columbus Wasomali ni wengi mno na waliopitia Kenya Kiswahili wanakimwaga vizuri tu, na mle ndani ghafla ilisikika sauti ya friji. Kijana mmoja akavua kofia yake ya Ohio State akaiweka mezani chini juu, akalipa, akaondoka kichwa wazi kwenye barafu.

Basi nafasi ya fainali ikaangukia Penn State, maana wamelingana na Indiana nane kwa moja na kwa kuwa hawakucheza wao kwa wao wakaanza kuhesabu wapinzani wa nani walikuwa wagumu zaidi. Desemba 7 Indianapolis, Oregon 45, Penn State 37. Mwaka wao wa kwanza tu kwenye ligi, wamebeba. Hao ndio vinara mwandishi wenu alitakiwa kuwaandika, na ndio mabingwa wa Big Ten wa 2024, mechi 13 hawajapoteza hata moja. Kabla ya hapo ligi ilikuwa na kanda mbili, Mashariki na Magharibi, washindi wa kanda wanakutana fainali, na tangu 2014 Mashariki ilishinda zote kumi, Magharibi hata moja, 2024 ndio wakafuta huo mgawanyo. Heri walivyofuta.

Sasa baada ya ligi unakuja mtoano wa taifa. Msimu wa 2024 ndio mara ya kwanza wameingia timu 12, zamani walikuwa wanne. Kamati inakaa inapanga, na Big Ten pekee ikaingiza wanne, Oregon, Penn State, Indiana na Ohio State. Zile nafasi nne za juu, za kupumzika raundi ya kwanza, msimu huo walipewa mabingwa wa ligi tu. Oregon namba moja akapumzika. Ohio State akawekwa namba nane.

Ukitaka kujua kama kupumzika ni zawadi waulize wenyewe. Wote wanne waliopumzika, Oregon, Georgia, Boise State na Arizona State, walitolewa mechi yao ya kwanza. Wote! Oregon alikaa tangu Desemba 7 mpaka Januari 1 hajacheza, siku 25, na kwa jinsi walivyopanga zile namba aliyekuja kumkuta ni Ohio State, ambaye Desemba 21 alikuwa ametoka kumpiga Tennessee 42 kwa 17 hapa nyumbani kwenye baridi ya chini ya sifuri. Yaani unamaliza wa kwanza, zawadi yako unapewa timu ngumu kuliko zote. Mi shabiki wa Ohio State lakini hapo naona Oregon kaonewa, na nimeshagombana na watu kwa kusema hivyo.

Ila uwanjani hawakuonewa. Uwanja wa Rose Bowl, California, Januari 1. Mpira wa kwanza wa maana kijana wetu wa mwaka wa kwanza Jeremiah Smith kaupokea kaenda nao moja kwa moja, na kabla ya mapumziko ubao unasoma 34 kwa 0. Mwisho 41 kwa 21. Mdogo wangu akaniuliza kwanini niliita hiyo mechi marudiano, nikamwambia piga jumla kama za CAF, 31 na 41 ni 72, wao 32 na 21 ni 53. Ratiba ya ligi iliwanyima watu marudiano, mtoano ukawapa.

Indiana alishatolewa na Notre Dame 27 kwa 17, Penn State akafika nusu fainali naye akatolewa na haohao Notre Dame, 27 kwa 24. Sisi nusu fainali tulikutana na Texas, 28 kwa 14, matokeo yanaonekana rahisi ila hayakuwa rahisi, Texas walikuwa mlangoni kabisa wanataka kusawazisha, Jack Sawyer akampiga mrusha pasi wao mpira ukatoka akauokota mwenyewe akakimbia nao yadi 83, jitu zima lile, mi nilikuwa kazini mapumziko, naangalia kwenye simu, nikapiga ukelele mpaka msimamizi akaja.

Na kwa wale wanaosema wanafunzi wanacheza kwa mapenzi ya chuo, mkurugenzi wa michezo wa Ohio State, Ross Bjork, alisema mwenyewe hadharani kikosi hiki kimegharimu kama dola milioni 20. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na kuhama chuo imekuwa kama usajili wa dirisha dogo. Will Howard mwenyewe msimu wa 2023 alikuwa chuo cha Kansas State. Kwa hiyo ile fainali ya Atlanta sio UMISETA.

Ombi langu ni dogo. Wekeni masahihisho, mstari mmoja tu unatosha, kwamba kinara na bingwa wa Big Ten ni Oregon na Ohio State walimaliza wa nne. Na mwakani kama mtaandika huu mchezo basi wekeni na ule msimamo wa timu 18 hata kwa herufi ndogo pembeni ya ukurasa, nafasi ipo, ile kona mnayoweka bahati nasibu. Watu wa huku tupo wengi tunaosoma kwenye simu, nina mwenzangu kazini Mkongo wa Bukavu anaiita "hii mupira ya mikono" na anasema haimuhusu, lakini kila Jumatatu huyo ndio wa kwanza kuniuliza nani kashinda.

Msimu wa 2025 ulipangwa kuanza Agosti 30, Texas waje hapahapa Columbus. Michigan tuwafuate kwao mwisho wa Novemba. Kombe lilifika mjini, wamelipitisha, watu wamepiga nalo picha, lakini pale ghalani kuna jamaa mmoja wa Michigan anaendesha foklifti, tangu ile Novemba hajawahi kunisalimia habari za asubuhi wala nini, kila akinipita anashusha kioo cha ule mtambo anasema "kumi na tatu kwa kumi", anaondoka. Hata asubuhi ya baada ya fainali alisema hivyohivyo.

Wenu msomaji,
Mbeba maboksi wa Columbus, Ohio